Chuo Gani, Shangazi?

Machimbo ya Isungabula, Geita
6 Agosti 2023

Shangazi Sesilia,

Shikamoo. Loveness naye anakuamkia, na ameniagiza nikuandikie kwamba jino lake limeng'oka na hakulia. Alilia sana. Eliya mzima, anashuka duarani, kwenye shimo la dhahabu, zamu ya asubuhi pamoja na mdogo wake Donatus, na wakipanda juu na ule udongo wanafanana mpaka nawatambua kwa viatu. Baba nilimpata kwenye simu alipokwenda Kahama. Anasema tumbaku ya Ushetu mwaka huu imekubali, ila alivyokuwa anaongea kwa haraka nikajua hataki niombe kitu. Michembe ya viazi uliyompa Hamza imefika pungufu. Hamza anasema ilipungua kwa jua.

Nimeona nikuandikie kwa sababu kwenye simu hatuelewani. Mara ya mwisho nilikuuliza hali ya mguu ukanijibu bei ya mchele. Hamza anapita huku kila akileta mitumba, nitampa yeye.

Sasa shida iliyonifanya nishike kalamu. Mkaguzi wa migodi alipita hapa, akaangalia maduara yetu, akauliza mtu wa huduma ya kwanza yuko wapi. Bwana Davis mwenye leseni akamwonyesha sanduku la dawa. Mkaguzi akamwambia sanduku halina mikono. Amempa muda apeleke mtu mmoja akasome, apate cheti, la sivyo atafunga machimbo. Wanaume hakuna anayetaka kwenda, maana usiposhuka hugawiwi mawe. Basi wakageuka wakaangalia jikoni. Wamenichagua mimi ninayewapikia, kwa kuwa nimemaliza kidato cha nne, na kwa kuwa, Davis alisema mbele yangu, ugali anaweza kusonga yeyote.

Nimekubali, lakini si kwa ajili ya Davis. Mwaka jana duara la jirani watu walikufa kwa hewa chafu. Nilikwenda kuangalia kama wengine. Walilazwa juu ya turubai na sisi tukawazunguka, hakuna aliyejua hata pa kuwashika. Eliya yuko chini kila siku ya Mungu. Sitaki nije nisimame vile nikimtazama mume wangu.

Vyuo nilivyosikia ni vitatu. Kipo cha Mwanza, kirefu, wanataka uwe na ufaulu wa sayansi. Kipo cha Shinyanga mjini, wiki sita. Halafu wapo watu wanaokuja wenyewe Geita, wanakodi ukumbi wa hoteli, siku mbili tu unatoka na cheti chenye picha yako na muhuri wa kung'aa. Davis anawapenda hao. Wewe umezeekea wodini. Chuo gani, shangazi?

Mwanao,
Rhoda


Kolandoto, Shinyanga
17 Agosti 2023

Mwanangu Rhoda,

Marahaba. Mwambie Loveness bibi yake amefurahi kusikia hakulia, na wewe uache kumharibia jina mtoto. Huku jua ni kali, visima vimeshuka, kuku wawili wamekufa na mmoja nimemla kabla hajafikiria kufa. Mguu haujambo. Masikio yangu hayana tatizo, ni simu za siku hizi ndizo zinanong'ona.

Nimefurahi kwamba umeuliza kabla ya kwenda. Wengi huuliza baada ya kulipa.

Usichague chuo kwa geti wala kwa sare za wanafunzi. Ukifika, omba wakuonyeshe lile sanamu la kufanyia mazoezi, la kichwa na kifua. Likiwa linang'aa, aga uondoke. Sanamu la watu wanaofundisha limebinywa mpaka shingo imelegea na mdomo umefutika rangi. Kisha mtafute mwalimu mwenyewe, umwulize mara ya mwisho alimshika lini mgonjwa anayetoka damu. Akianza kukutajia semina, mshukuru. Uliza pia kama kuna mwanafunzi aliyewahi kufeli, na anafanywaje. Kama hakuna aliyewahi kufeli tangu wafungue, hao wanauza karatasi. Na uliza cheti kinatambuliwa na nani na kinaisha lini, kwa sababu mikono inasahau, na chuo kinachokwambia cheti ni cha maisha kinakudanganya.

Cha Mwanza kiache kwa sasa. Kile ni cha watu wa gari la wagonjwa, na wewe kemia uliiacha kidato cha pili ukasema inanuka. Wale wa ukumbini nisiwasemee vibaya, siwajui, ila siku mbili hata kufunga mkono uliovunjika vizuri hazitoshi. Nenda Shinyanga. Kuna mwalimu pale anaitwa Bhoke, alikuwa kikosi cha uokoaji Buzwagi mpaka mgodi ulipofungwa. Nimewahi kupokea wagonjwa aliowaleta, vidonda na mifupa ilikuwa imefungwa kama imefungwa na mama yao. Huyo mwanamke hacheki.

Utakaa kwangu. Chumba kipo, Loveness umlete, Kolandoto na mjini si mbali. Na wala usidhani nahitaji mtu. Agnetha wa jirani ananichotea maji.

Shangazi yako,
Sesilia Maduhu


Isungabula
2 Oktoba 2023

Shangazi,

Shikamoo, na unisamehe kwa kukaa kimya. Loveness alipata malaria, akapona, sasa anakula kupita baba yake. Eliya na Donatus wamefikia mwamba mzuri, kila mtu hapa ana matumaini na anakopa sukari kwa matumaini hayo. Kwetu mvua bado.

Sikujibu mapema kwa kuwa sikujua nianzeje. Nimeshapata cheti. Nilikwenda kwa wale wa ukumbini.

Usinikasirikie kabla hujamaliza kusoma. Davis alisema wiki sita ni nyingi, nani atapika. Eliya alisema wiki sita mke hayupo, watu watasema nini. Na mimi mwenyewe, shangazi, niseme ukweli, nilisoma barua yako nikaona ni chumba kinachoongea. Nilihisi unataka mtu wa kukaa naye, ukanitafutia na chuo cha kufuatana na chumba. Basi nikachagua karibu.

Mafunzo yalikuwa mazuri. Mwalimu kijana, ana suti, anaonyesha picha ukutani kwa mashine. Tulikuwa na watu wa benki na walimu wa shule za binafsi. Tulipewa chai na chapati. Sanamu lilikuwepo, ila lilikuwa moja na sisi wengi, mimi nilibinya kidogo ikafika zamu ya mwingine. Ndiyo, lilikuwa linang'aa.

Cheti Davis amekipiga picha akamtumia mkaguzi, chenyewe kimetundikwa jikoni juu ya mapipa ya unga. Wanaume wananiita daktari wakitaka mchuzi wa kuongeza.

Rhoda


Kolandoto
10 Oktoba 2023

Rhoda,

Hongera. Pole kwa malaria ya mtoto. Huku sote wazima.

Nina swali moja, unijibu kwa maandishi, na usimwulize mtu. Mtu ameanguka chini ya duara lenye hewa chafu. Umefika, umemwita, haitiki. Unafanya nini kwanza?

Sesilia


Isungabula
21 Oktoba 2023

Shangazi,

Shikamoo. Mvua imeanza, barabara imekuwa uji, Hamza amelala hapa kwetu kwa sababu gari limekwama. Anakusalimu na anasema michembe ya safari hii hataigusa.

Swali lako ni jepesi, nilidhani utanipa gumu. Kwanza nafika kwa mgonjwa haraka, kwa sababu tulifundishwa kila dakika ina maana. Namtikisa bega, namwita kwa sauti. Naangalia kama anapumua. Kama hapumui, nainua kidevu kufungua njia ya hewa, nambinya kifua katikati kwa nguvu, sisimami mpaka msaada ufike. Nimeandika bila kuangalia kijitabu.

Kuhusu nani ashuke, hapa kwetu utaratibu upo. Ndugu haachwi chini. Mwenye ndugu ndiye anayefungwa kamba wa kwanza, na mtu mwingine akimtangulia ni kama amemtukana. Donatus akiwa chini, Eliya anashuka. Akiwa Eliya, Donatus. Hakuna anayesukumana. Ndivyo walivyofanya hata lile duara la jirani mwaka jana.

Umeridhika?

Rhoda


Kolandoto
26 Oktoba 2023

Rhoda, mwanangu,

Umekufa.

Hewa ile haina rangi, na mara nyingi haina hata harufu. Ulipofika kwa mgonjwa miguu ilikuwa imekwisha nguvu, hukupata nafasi hata ya kumtikisa bega. Eliya akakuona umelala, akajifunga kamba kwa sababu ni mumeo. Donatus akamfuata kwa sababu ni kaka yake. Nimewapokea watu wa namna hiyo nikiwa kazini. Wanaletwa kwenye pikapu moja wamepangwa kama magunia, familia moja. Aliyekuwa na ajali ni yule wa kwanza tu. Waliobaki walimpenda.

Fikiria lile duara la jirani. Walianza kuanguka wangapi, na walikufa wangapi? Usinijibu, jijibu mwenyewe.

Wale vijana wa ukumbini hawakukosea. Walikufundisha kumsaidia mtu aliyeanguka benki, na benki hakuna shimo. Kosa ni lako wewe uliyejua unakwenda kufanyia kazi wapi na hukuwauliza.

Nikuambie na la chumba. Ni kweli nataka mtu. Nyumba ni kubwa kwa mtu mmoja, na masikio, basi nayo, yanakwenda. Lakini hata ningekuwa na watu kumi ndani ningekutuma kwa Bhoke. Njoo, au usije, ukae hosteli, mradi uende.

Shangazi yako


Isungabula
14 Januari 2024

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Tumefika salama kutoka kwako mimi na Loveness, wiki zangu sita zimekwisha, mabegi yote, na yule kuku uliyetupa amefika akiwa hai na amekasirika. Loveness anakuulizia kila jioni. Anataka kujua nani anakuambia mlango umegongwa. Nimemwambia utakuwa unauangalia.

Nimekuta Eliya amekonda na jiko linanuka. Davis aliyesema ugali unasongwa na yeyote alinipokea mwenyewe stendi.

Kule kwako sikukusimulia yote, nilikuwa narudi nimechoka. Unakumbuka ile siku niliyoingia nikalala bila kula? Siku hiyo Bhoke alilitia sanamu kwenye shimo la taka nyuma ya chuo, akasema haya, mwokoeni. Niliyajua yote uliyoniandikia, nilikuwa nimeyasoma mpaka karatasi ikachanika, na bado nilirukia shimoni wa kwanza. Nyuma yangu wakaruka wengine. Bhoke alikuwa juu anatuhesabu kwa kidole, huyu maiti, huyu maiti. Akaniandikia nimefeli. Nilirudia zoezi lile mpaka mwili ulipokubali kusimama. Alikuwa ananiambia kazi yangu ya kwanza si aliye chini, ni yule anayetaka kushuka. Nimshike, nimwangushe, nimkalie. Kisha hewa ipelekwe chini kwa feni. Mengine baadaye.

Basi nimerudi na cheti cha pili, na sasa sikia kituko. Sikulifikiria hili, na wewe hukulifikiria, na Davis aliyelipa hakulifikiria. Mwanamke hapa haruhusiwi kukaribia duara. Wamezungushia kamba ya viroba vyeupe, na mwanamke anaishia pale. Dhahabu inamkimbia, wanasema. Mimi nimepika hapa muda wote huu na sijawahi kuliona hilo shimo ndani. Nilimwendea msimamizi, Mzee Zamoyoni, nikamwuliza sasa nitatoa huduma wapi. Akafikiri kwa heshima kabisa, akasema majeruhi wataletwa jikoni.

Kwa hiyo ninafundishia jikoni. Wananisikiliza midomo imejaa. Juzi Donatus aliniuliza, kwa hiyo shemeji, bro akiwa amelala chini mimi nikae juu namtazama? Nikamwambia ndiyo, ukae juu. Wakacheka wote. Donatus akasema labda wewe. Eliya hakucheka, lakini hakuniunga mkono.

Asante, wabeja sana kwa yote, shangazi. Kwa chumba pia.

Rhoda


Kolandoto
24 Januari 2024

Mwanangu,

Marahaba. Nyumba imekuwa kimya, jambo ambalo kwangu lisingepaswa kuwa na tofauti, lakini lina tofauti. Mwambie Loveness nimefunga kengele ya mbuzi mlangoni, sijaisikia bado. Agnetha anaisikia kutoka kwake, anakuja kuniambia nina mgeni.

Kuhusu viroba. Usigombane nao. Mtu ukimtukania mila yake leo, kesho hatakuletea hata aliyejikata kidole. Waombe wanunue feni ya kupuliza hewa na mpira wake, ikae tayari. Wakikataa, ujue ni nani kati ya majirani anayo. Waambie pampu ya petroli isiwashwe chini, ibaki juu, moshi wake ndio huo huo unaoua. Mstari wao uheshimu mpaka siku utakapokuwa na kazi upande wa pili.

Na mfundishe Eliya peke yake, wanaume wengine wakiwa hawapo. Mbele ya wenzake hawezi kukubaliana na wewe.

Masikio usiniulize.

Sesilia


Isungabula
30 Machi 2024

Shangazi,

Shikamoo. Salamu zako mbili ulizompa Hamza nilizipata. Loveness mzima. Mimi nina nguvu. Mvua zinaendelea.

Donatus amefariki. Tumemzika kwao.

Ilikuwa hivi. Maji yalijaa duarani baada ya mvua kubwa, na umeme ukawa hakuna. Nilishawaambia habari ya pampu ya petroli, Zamoyoni mwenyewe alinijibu amesikia. Lakini mpira wa kuvutia maji ulikuwa mfupi, wakaona waiteremshe pampu kidogo tu, kwa muda mfupi tu. Mchana Donatus akashuka kuizima. Haikuzimwa na yeye hakujibu.

Nilikuwa nakaanga samaki. Nilisikia sauti zao zimebadilika, nikaacha sufuria motoni. Nilipofika kwenye viroba nilimwona Eliya anajifunga kamba kiunoni. Nikapita. Zamoyoni aliacha kuita shimoni akaanza kunifokea mimi, toka, toka hapo. Mimi nilimfikia Eliya nikashika fundo. Alinisukuma nikaanguka, na nilipoanguka nilikuwa juu ya kamba, nikaizungusha kwenye mti wa winchi nikaikalia. Nikamwambia hushuki. Aliniita majina ambayo sitayaandika. Alikuwa anasema namsikia, mdogo wangu ananiita, namsikia. Mimi nilikuwa karibu na shimo kama yeye na sikusikia kitu, ila pampu.

Nilimwambia Zamoyoni akalete feni ya duara la jirani. Alitaka kwanza niondoke. Alipoona siondoki, akaenda. Wakapuliza hewa. Pampu ikazimika kwa kukosa mafuta. Nilizuia hata baada ya hapo, nikawa nasema bado, bado, na kila nikisema Eliya ananitazama. Kisha akashuka mtu wa jirani akiwa na kamba mbili, wakamtoa Donatus. Nilimbinya kifua pale chini, nikambinya kwenye pikapu mpaka hospitali, mikono ikawa haina hisia. Daktari akaniambia basi mama, inatosha.

Hakufa mwingine.

Watu wanasema dhahabu imehama kwa sababu nilipita. Davis amefunga duara mpaka mkaguzi aje. Mama mkwe msibani aliniuliza mbele ya wanawake wote, ulipokalia kamba mwanangu alikuwa hai? Nilikwenda kuosha vyombo. Eliya tangu mazishi hasemi nami. Alibaki kwao.

Nakuuliza wewe uliyewaona wengi. Alikuwa hai?

Rhoda


Kolandoto
7 Aprili 2024

Mwanangu Rhoda,

Poleni. Nimekwenda kanisani nikamtaja Donatus. Nimelia, na nimeshukuru kwamba tunaandikiana, maana kwenye simu ungelia wewe nisikusikie.

Sijui kama alikuwa hai. Nilianza kukuandikia hapana, nikachana karatasi. Moshi wa pampu kwenye shimo unaua upesi, lakini hakuna mtu anayeweza kukuapia kwamba ulipokaa pale alikuwa amekwisha. Labda alikuwa bado. Hata hivyo Eliya asingemtoa. Angemfikia, angemkumbatia, na angebaki naye. Hilo ninaweza kuliapia, nimewaona walioshuka wakiwa wanaume wenye nguvu kuliko yeye.

Mama mkwe wako mwache aseme. Nenda kwake, mchotee maji, mpikie, usijitetee. Amebakiwa na mwana mmoja na hataki kufikiria amebakiwa naye kwa njia gani.

Lakini kuna kitu hujaniandikia. Umenieleza kila mtu alisema nini, Zamoyoni, Davis, mama mkwe. Juu ya Eliya umeandika tu kwamba hasemi. Mimi namjua Eliya, alikaa hapa sikukuu nzima akirekebisha paa langu. Ana akili. Mtu kama yule hawezi kumnyamazia mkewe muda wote huu kwa sababu ya kamba. Ukitaka kuniambia, niambie. Usipotaka, basi njoo tu mkae hapa wewe na mtoto.

Shangazi yako


Isungabula
19 Mei 2024

Shangazi,

Shikamoo. Mvua imekatika. Loveness ameota jino. Baba amekuja kutoka Ushetu kutoa pole, akakaa na Eliya mchana kutwa, wakaongea habari za tumbaku tu. Nilikwenda kwa mama mkwe kama ulivyosema. Siku za kwanza maji niliyochota aliyamwaga. Sasa anayatumia, hanishukuru. Maduara mawili ya jirani yameniita nikawafundishe, wameniwekea kiti nje ya viroba.

Umeuliza kuna nini. Kipo.

Walipomvuta Donatus, kilitangulia kichwa, kisha yale mabega yao yanayofanana. Na mimi nilifurahi. Nilijua ni Donatus, shemeji yangu aliyekuwa akinitania kila siku, nilijua amekufa au anakufa, na furaha ikanipanda mwili mzima kwa sababu hakuwa Eliya. Haikudumu, nilipiga magoti papo hapo nikaanza kazi, na kazi niliifanya kwa moyo wote, Mungu anaona. Lakini Eliya alikuwa amesimama mbele yangu na uso wangu aliuona. Kamba angenisamehe.

Amerudi nyumbani. Haendi tena duarani, anafanya kazi kwenye karasha, kusaga mawe. Wiki iliyopita alikuwa anakula, akaweka tonge chini, akasema, ulimwona ni yeye ukafurahi. Nikasema ndiyo. Akasema, ningeshuka ningekufa. Nikasema ndiyo. Akasema, ningekuwa mimi chini, Donatus angenifuata. Nikasema ndiyo, na mama yenu angezika wawili. Kisha akasema hajui kama ataweza kunisamehe. Nilimwambia hilo halimo kwenye yale niliyosomea, siwezi kumsaidia, achukue muda anaoutaka. Akaokota tonge akaendelea kula.

Kwako tutakuja wakifunga shule, mimi na Loveness. Eliya nimemwalika, hajakataa.

Anaamka amekasirika, anakwenda kazini, anarudi na vumbi la mawe kichwani, ananipita bila neno, anajilaza ameugeukia ukuta. Mimi nakaa namsikiliza anavyovuta pumzi, nzito, za mtu mwenye hasira na mimi. Na ile furaha, shangazi, inanijia tena vile vile, na sasa hata simwombi radhi kwa ajili yake.

Mwanao,
Rhoda